Usichane Nywele Kwanza

Asamidai, 11 Aprili 2004

Shangazi yangu Fusae,

Huku mlimani theluji imebaki vivulini tu, na maua ya cheri bado yamefumba. Nadhani huko Kumadani yameshafunguka na wewe umeshaanza kufagia mbele ya duka. Nyumbani wote hawajambo. Baba anasema mgongo wake umepona, Mama anasema haujapona, nami nimewaacha wakibishana.

Naandika barua kwa sababu faksi ya kituo iko mezani kwa karani, na kila karatasi inayotoka husomwa na watu wanne kabla ya kumfikia mwenyewe. Simu ya mkononi aliyokununulia mwanao, Kaka Hideto, nasikia inalala kwenye droo ya taulo. Kwa hiyo tutumie posta.

Shule nimemaliza mwezi uliopita, na sasa mimi ni mwanafunzi wa kufundisha mbwa wasikiaji, yaani mbwa wanaosikia kwa niaba ya mtu kiziwi. Siku za kwanza nimesafisha mabanda tu. Jana Mwalimu Okudera alinikabidhi mbwa mdogo wa kike, rangi ya njugu iliyochomwa, sikio moja limesimama, jingine limelala. Aliokotwa kwenye maegesho ya magari akiwa na kamba iliyokatika. Anaitwa Kuri. Ikilia sauti anayoijua, mbwa wa namna hii humjia mtu wake, humgusa mguu kwa mkono wake, kisha humwongoza mpaka sauti inapotoka. Kuri hajui hayo bado. Anajua kula.

Kuri ndiye atakayekuja kwako, Shangazi. Najua hukuomba mbwa. Baba na Kaka Hideto walikubaliana wenyewe. Najua pia Kaka Hideto alivyosema baada ya birika lako kuungua: mwaka mpya ukifika na mbwa hajafaulu mtihani, duka linafungwa nawe unahamia kwao Hiroshima, ghorofa ya tisa. Kwa hiyo naomba unisaidie. Unataka Kuri akuambie sauti zipi?

Mtoto wa kaka yako,
Chihaya


Kumadani, 25 Aprili

Chihaya mwanangu,

Maua yamefunguka, yameanguka, nimeyafagia, yameanguka tena. Mimi mzima. Wateja wawili wamefariki msimu huu wa baridi na mmoja ameota upara, kwa hiyo kazi imepungua, lakini mikono haijasahau. Mwambie baba yako mgongo hauponi kwa kutangazwa.

Habari ya birika usiniulize. Birika liliungua, ukuta ukapata masizi, ukuta umepakwa rangi. Kwisha.

Unauliza nataka kuambiwa sauti zipi. Nimecheka mpaka mteja akanitazama kwenye kioo. Mwanangu, nitajuaje? Mimi ndiye wa kukuuliza wewe: nyumba yangu ina sauti gani? Masikio yangu yaliziba kwa homa kabla sijaanza shule. Mume wangu Genjiro, Mungu amweke pema, alizaliwa hivyo. Tulikutana shule ya viziwi, darasa la ukinyozi, tukaishi humu viziwi wawili, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu kinachopiga kelele. Je, friji inasema? Mlango unapoteleza? Na mkasi? Tangu ujana nakata nywele sijui mkasi unafanyaje masikioni mwa mtu.

Hiroshima siendi. Ghorofa ya tisa utamnyoa nani, ndege?

Una rafiki huko? Kula vizuri.

Shangazi yako,
Fusae


Asamidai, 16 Mei

Shangazi,

Maua yetu yalichelewa, yakaja yote siku moja. Mama amekutumia chai mpya, isije ikakaa mpaka ipoteze harufu.

Kuri ameanza kuelewa. Tunaanza na sauti nne ambazo kila nyumba inazo. Ya kwanza ni saa ya kuamsha: hupanda kitandani na kukuparua mpaka uamke. Ya pili ni birika la filimbi. Ya tatu ni kengele ya mlangoni. Hii anaipenda kuliko zote, hukimbia huku kucha zikiteleza kwenye mbao. Kila akifanya sawa anapata kipande cha kuku mkavu. Kuna pia king'ora cha moshi, lakini hicho tofauti. Hapo hatakiwi kukupeleka kwenye moto, basi hukugusa kisha hulala chini kifudifudi. Ukimwona amelala hivyo, toka nje.

Sauti ya nne ni jina lako, na hapa nina shida. Mwalimu anasema niite "Fusae" tu, kwa sababu mbwa anahitaji neno moja fupi. Mara ya kwanza nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mtoto gani anamwita shangazi yake jina tupu? Mara ya pili nikaita kama mtu anayenong'ona siri. Mwalimu akasema, "Chihaya, hiyo sauti ya mbu. Mbu mwenyewe angekuomba urudie." Wenzangu wakacheka. Lakini Kuri lile sikio lililolala lilisimama, akaja, akamgusa mguu Mwalimu aliyekuwa anaigiza kuwa wewe, akamleta mpaka kwangu. Mwalimu akatoa kuku.

Tangu siku hiyo naita hivyo hivyo, kwa sauti ya siri. Unisamehe, Shangazi. Nakutaja jina kutwa nzima kama rika lako.

Mwezi ujao Mwalimu nami tutamleta. Nitakaa kimya nyumbani mwako na kusikiliza kila kitu, kisha nitakujibu lile swali.

Chihaya


Kumadani, 20 Juni

Mwanangu,

Mvua za msimu zimeanza na taulo za duka hazikauki. Nilitaka kukuandikia mara tu mlipoondoka, lakini kila nikishika kalamu nakumbuka sura ya mwalimu wako na kucheka upya.

Alizunguka mlango wangu kama mwizi mpole, anapapasa nguzo, anainama, anainuka. Nikamwandikia kwenye kioo kwa povu la sabuni: UNATAFUTA NINI? Naye akaandika chini yake: KENGELE. Ole wenu! Kumadani nzima nani ana kengele ya mlangoni? Mlango unafunguliwa, mtu anaingia. Wanaotaka adabu hukanyaga ubao wa kizingiti mara mbili, nami nikiwa dukani nausikia kwa nyayo. Majira yote ya kuchipua mmemfundisha mbwa maskini kengele ambayo hata daktari wetu hana.

Lakini ile karatasi uliyoniachia, ya sauti za nyumba yangu, nimeibandika juu ya sinki. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Kumbe friji inalalamika nikiacha mlango wazi. Kumbe sufuria ya umeme inaimba wali ukiiva. Na beseni la kuogea linasema maji tayari, tena kwa sauti ya mwanamke! Mwanamke ameishi bafuni kwangu tangu Genjiro yuko hai, wala sijawahi kumkaribisha chai. Na mkasi wangu, umesema, ni kama mvua ndogo inayoanza juu ya majani makavu. Sasa mteja akikaa namtazama kwenye kioo najiambia, tulia bwana, nakunyeshea.

Kuri analala miguuni pangu. Anakula kuliko mwanafunzi.

Hukunijibu habari ya rafiki.

Fusae


Asamidai, 4 Julai

Shangazi,

Joto limeanza. Baba anasema salamu, na anauliza kama yule mtu wa lango la maji ya mashamba bado anapita nyuma ya nyumba. Sijui anamaanisha nani. Nilipomuuliza aliwasha televisheni.

Ya kengele nimeona haya mpaka masikio. Mwalimu Okudera amesema tusiihesabu hasara, ila mbwa atategemea jina. Watu wa kwenu wakifungua mlango huita, sivyo? Wakikuita Kuri atakuja. Ukiguswa, mfuate palepale, kisha mpe kuku. Usipomfuata ataacha kukuambia. Mbwa hawezi kuongea na mtu asiyemjibu siku zote.

Banda lake halijapata mbwa mwingine. Nalipita kila asubuhi.

Chihaya


Kumadani, 25 Julai

Chihaya,

Jua ni kali, mpunga umefika magotini, na watu wote wanataka kunyolewa shingo siku moja.

Naanza na jema. Juzi nilikuwa namenya figili nyuma ya nyumba. Kuri akanigusa mguu. Nikamwambia kwa mkono, ngoja. Akanigusa tena, akanipeleka jikoni. Birika lilikuwa linatapika mvuke, nami nilikuwa nimelisahau kama sikuliweka mimi. Nikazima gesi, nikakaa sakafuni. Ile siku nyingine moshi ndio ulionijulisha, mwanangu, na moshi ulikuwa umeshafika mlango wa chumba. Sikumwambia Hideto hilo la mlango. Nawe usimwambie.

Sasa mabaya, na ni mawili.

Kwanza, mbwa wako hasikii wateja. Mzee Kanetsune alisimama dukani anaita mpaka akachoka, akaja kunitafuta bustanini. Aliniandikia kiganjani kwa kidole, kama tunavyofanya huku: NIMEITA SANA, MBWA AMENITAZAMA TU.

Pili, anasikia kisichokuwepo. Alfajiri, kabla ya saa ya kuamsha, ananiparua na kunivuta mpaka mlango wa nyuma. Nafungua. Hakuna mtu, hakuna birika, hakuna hata paka. Kuri anakaa, mkia unafagia, anasubiri kuku wake. Nampa, maana ulisema nimpe. Kesho yake tena.

Hideto amesikia. Ameniandikia kwamba mbwa asiyesikia wenye miili akasikia mizimu hatafaulu mtihani wowote. Ameshauliza bei ya gari la kuhamisha vitu.

Fusae


Asamidai, 1 Agosti

Shangazi,

Samahani, leo salamu ni fupi. Wote hawajambo.

Nimemsomea Mwalimu barua yako, isipokuwa pale pa moshi. Amekunja uso. Anasema mbwa anayeita bila sababu ni hatari, kwa sababu mwishowe mtu huacha kumwamini. Akiendelea hivyo mpaka mwisho wa Septemba, lazima arudi huku, na hakuna mwingine aliye tayari mwaka huu.

Lakini mimi sidhani Kuri anadanganya. Hajui kudanganya, hata kuiba kuku anashindwa. Nina maswali, na naomba unijibu yote hata kama ni ya kipuuzi.

Je, ni kila siku, au zipo siku anazokuacha ulale? Akikuamsha unafanya nini kabla ya kufungua mlango? Nyuma ya nyumba kuna nini? Na Mzee Kanetsune alipoita, aliita neno gani hasa?

Chihaya


Kumadani, 22 Agosti

Mwanangu,

Nimechelewa kwa sababu ya siku za kupokea wafu. Nimemwashia Genjiro taa, nimempa tikiti maji, nimemrudisha kwake salama. Hideto alikuja na mkewe. Akapima kabati kwa futi.

Maswali yako ni kama ya polisi. Haya.

Si kila siku. Mvua ikinyesha Kuri analala, na nikichungulia dirishani nikaona mashamba yamefurika maji, najua asubuhi hiyo nitapumzika.

Kabla ya kufungua mlango nafanya nini? Navaa. Nanawa uso. Nachana nywele, natazama kioo cha mbele, natazama cha nyuma. Wewe ulitaka nifanye nini? Kinyozi aliyetoka nje na nywele timutimu ni sawa na mpishi anayeomba chakula kwa jirani. Genjiro hakuwahi kuniona sijachana, na alinioa.

Nyuma kuna njia ya kwenda mashambani. Kuhusu njia hiyo sina la kusema.

Kanetsune aliita kama wanavyoita wote. Huku hatuitani majina, tunaitana nyumba. Sisi ni Kinyozini. Alisema, "Kinyozini! Wa Kinyozini ee!" Hilo jina langu unalomfundisha mbwa, hapa hakuna anayelitumia. Mama alilitumia, amekufa. Genjiro alilisema kwa vidole. Tena fikiri, Chihaya: kijiji kizima kinajua sisikii. Nani atapoteza pumzi kumwita kiziwi jina?

Fusae


Asamidai, 29 Agosti

Shangazi,

Natumaini tikiti maji lilikuwa tamu. Hapa usiku umeanza kupoa.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye banda tupu la Kuri, na nadhani nimeelewa. Nikikosea unicheke.

Kuri hakumjibu Mzee Kanetsune kwa sababu hajui neno "Kinyozini". Sisi hatukumfundisha. Hilo ni kosa letu jingine, kama kengele. Hakufanya vibaya, alisikiliza akangoja neno lake.

Neno lake ni moja tu. Saa ingekuwa imelia, angebaki kitandani. Birika angekupeleka jikoni. Akikupeleka mlango wa nyuma, ni kwa sababu kuna mtu nyuma ya nyumba amesema "Fusae". Tena si kwa kelele. Mimi nilimfundisha kwa sauti ya siri, kwa sababu ya haya, kwa hiyo anasikia hata anayeita polepole asitake kusikika.

Mtu huyo anapita asubuhi zisizo na mvua. Mvua ikinyesha, maji ya mpunga hayahitaji kutazamwa. Shangazi, ni mtu anayekwenda kutazama maji.

Na humkuti kwa sababu unachana nywele.

Kesho akikuamsha, usichane nywele kwanza. Usinawe. Mfuate hivyo hivyo ulivyo. Tafadhali fanya haraka, maana Baba anasema mwezi ujao mashamba yatatolewa maji, mpunga uvunwe, na hapo hakuna tena wa kupita.

Nimemuuliza Baba safari ya pili kuhusu lango la maji, nikakaa mbele ya televisheni mpaka akajibu. Aliniambia kidogo. Aliniambia jina.

Chihaya


Asamidai, 19 Septemba

Shangazi,

Majira yamebadilika na sijapata barua. Je, ya mwisho ilifika? Kama nimekuudhi kwa kutaja mambo ya watu wazima, nisamehe. Mwalimu ameandika kwenye ubao wa kazi: Kuri kurudi, mwisho wa mwezi. Nimemwomba asubiri. Nilimwomba kwa sauti, mbele ya wote. Amesema atasubiri wiki moja tu.

Chihaya


Kumadani, 3 Oktoba

Chihaya mwanangu,

Mpunga umevunwa. Umeninginizwa kwenye vigingi, kijiji chote kinanuka majani makavu. Barua zako zote zilifika. Nilianza kuandika mara tatu, na kila mara nikaikunja karatasi nikaitupa. Kuhusu Kuri, nilikwisha mtumia mwalimu wako neno kwa faksi, kwamba simtoi. Wasome watu wanne, wasome kumi.

Asubuhi ya kwanza baada ya barua yako nilichana nywele. Sema utakavyo. Ya pili ilinyesha. Ya tatu Kuri aliponigusa niliruka, nikamfuata, nikafungua mlango wa nyuma nikiwa na nguo ya kulalia, kichwa kama kiota, na miguuni viatu vya chooni. Viatu vya chooni, Chihaya, mpaka nje njiani! Mama yangu angekufa mara ya pili.

Matsuyo alikuwa amesimama kwenye njia, jembe begani.

Wewe humjui, isipokuwa jina ulilopewa na baba yako. Ni wa nyumba ya chini, karibu na lango la maji. Tulikua pamoja. Kabla sijakwenda shule ya viziwi yeye ndiye alikuwa masikio yangu, alinivuta mkono gari likija. Kisha ukaja mwaka ule wa ukame, waume zetu wakakamatana mashati juu ya nani afungue maji, maneno yakasemwa na mengine yakafanywa kwa vidole, na nyumba mbili zikafungiana milango. Mumewe amekufa. Genjiro amekufa. Milango ikabaki. Mimi nilikuwa nikimwona dirishani anapita, mdomo unachezacheza, najiambia, haya, mchawi ananitukana hata kabla ya chai.

Aliponiona alifunga mdomo. Alitaka kuondoka. Kuri akaenda akamgusa mguu, akarudi akanigusa mimi, akakaa katikati yetu, akatazama mkono wangu. Anataka kuku. Nani aliwahi kutoka na kuku katika hali ile?

Nikamnyoshea Matsuyo kiganja. Alifuta kidole kwenye suruali, akaandika: FUSAE, KUMEKUCHA, NAENDA KUTAZAMA MAJI.

Nikamuuliza kwa mkono, leo?

Akaandika: KILA SIKU YA MAJI.

Tangu lini?

Akaandika: TANGU TULIPONUNIANA.

Nikamuuliza kwa nini, na hapo nilikuwa nimekasirika, nataka ujue, nilikuwa nimekasirika sana. Kisha akaandika polepole, mpaka nikahisi kila mstari: KWA SABABU HUSIKII. UNGESIKIA NINGESHINDWA.

Akatazama viatu vyangu. Akaanza kucheka, mwanamke huyu, na meno yake mawili. Nami nikacheka. Amekunywa chai, amekula figili zangu zote, na kabla hajaondoka nimemkalisha kitini nikamkata nywele. Anazikata mwenyewe kwa mkasi wa kuvunia uyoga, aibu tupu. Nimemnyeshea mvua yako.

Sasa mtihani. Umeandika kwenye faksi kwamba mnaweza kumfundisha Kuri "Kinyozini" kwa muda mfupi. Hapana. Mbwa wa kuokotwa amejifunza jina langu. Hawa wanakijiji wamekaa nami tangu nizaliwe. Wajifunze wao.

Fusae


Asamidai, 14 Novemba

Shangazi,

Hapa tumeamka na barafu kwenye ndoo. Nimerudi salama baada ya mtihani wa Kuri huko kwako, na zile figili mpya ulizotupa zimeliwa zote garini na Mwalimu.

Matokeo hayajatoka. Kila posta ikija nakimbilia mezani kwa karani. Kama Kaka Hideto atauliza, mwambie mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Saa: sawa. Birika: sawa. King'ora: Kuri alilala kifudifudi nawe ukatoka nje kwa mwendo mzuri, ukiwa umechana nywele. Kisha mtahini alimwita Mzee Kanetsune asimame mlangoni. Alikuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Alimwambia mtahini, "Mama, mimi mke wangu mwenyewe simwiti jina, sasa wanitaka nimwite kinyozi?" Matsuyo akamsukuma mgongoni: "Ita, bwana wee, nywele zako zimo mikononi mwake!" Naye akaita, lakini kwa sauti ndogo sana, Shangazi, ya mtu aliyeona haya. Ndogo kuliko yangu.

Kuri alikuwa amelala jikoni. Lile sikio lilisimama.

Mtahini aliandika kitu, na sikuona alichoandika, lakini aliuma midomo kama mtu anayezuia kucheka.

Kuna jambo sikuwahi kukujibu. Shuleni sikuwa na rafiki. Nilikuwa nasema kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, na baadaye nikaacha. Huku kuna msichana anaitwa Sanae, anafundisha mbwa mweusi mkubwa. Juzi alikuja na bakuli lake akaniambia, "Mwalimu anataka mbwa wangu naye aitwe na wewe, kwa ile sauti yako." Tukala pamoja. Jana pia.

Chihaya


Kumadani, 19 Desemba

Mwanangu Chihaya,

Theluji ya kwanza imeanguka, na nguzo ya kinyozi yenye mistari ya rangi mbele ya duka inazunguka ndani yake kama peremende. Mlete huyo Sanae siku moja, nywele zake nitaziona.

Cheti kimefika. Kuri amevishwa fulana ya rangi ya chungwa ya mbwa wasikiaji, na kila mtu anayeingia anamwinamia kwanza yeye ndipo mimi. Hideto alisoma cheti mara mbili kupitia faksi, akajibu kwamba mwaka mpya watakuja wao hapa, na nimtengee nafasi ya kunyolewa. Gari la kuhamisha vitu sijalisikia tena. Sasa wateja wanaingia wananiita jina. Wengine wanalitamka kama wanameza mfupa wa samaki, Matsuyo aliniambia, lakini wanaliita, nami natoka jikoni kama mtu yeyote.

Matsuyo mwenyewe niliagana naye baada ya mtihani. Mashamba yakikauka hana sababu ya kupita njia yetu mpaka wakati wa kupanda. Alisema hivyo mwenyewe kiganjani mwangu, nami nikaona ni sawa, kila kitu na msimu wake.

Asubuhi hii kulikuwa kweupe kote. Hakuna mtu aliyekwenda shambani, hakuna tone la maji la kutazama. Nilikuwa nimejikunja kwenye blanketi, saa haijalia. Kuri akapanda, akaniparua.

Sikuchana nywele.

Shangazi yako,
Fusae